Gari Lililoingia kwa Pengo la Ua

Askari tawala aliyekaa ng'ambo ya kijito chetu alikuja saa sita mchana bila kofia. Angekuja na kofia ningejua ni kazi ya serikali, na kazi ya serikali ina karatasi na mhuri, na mtu huambiwa siku ya kwenda. Bila kofia alikuwa jirani tu, na jirani haji saa sita, jua likiwa utosini, kumtazama mtu akiwafungua ng'ombe nira.

Nilikuwa nimetoka kulima shamba la watu karibu na mji wa Migori. Maksai wangu wawili walikuwa bado wanatoa povu. Askari alisimama upande wa pili wao, nikawa naziona buti zake tu chini ya matumbo ya ng'ombe.

"Omera," aliniita, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "baba yako alikuwa na gari."

"Alikuwa nalo."

"Iko wapi?"

"Niliiuza. Tulipomaliza kumzika mama yetu."

"Ukamuuzia nani?"

"Mama mmoja wa samaki, Homa Bay."

"Na logbuku?"

Hapo, nilipoulizwa kitabu cha umiliki, nilianza kukunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu ila nyanya yetu, ambaye tulimwita dani, aliyekuwa akichambua dagaa wa omena mlangoni kwake. Gari la baba lilikuwa limeonekana mara tatu karibu na mpaka. Majani mabichi yamefungwa mbele, taa zimewashwa mchana, jeneza ndani. Polisi wakiona majani wanaondoa kizuizi na kuvua kofia, maana nani anamsimamisha maiti? Lakini wiki iliyopita tairi lilipasuka, gari likayumba, jeneza likatoka kwa mlango wa nyuma na kufunguka barabarani. Ndani mlikuwa na sukari ya magendo.

"Watu waliizoa na kofia," alisema. "Wengine na viatu. Dereva akabadilisha gurudumu akaenda kabla polisi hawajafika. Lakini mwalimu mmoja alisoma namba. Namba ikapelekwa Nairobi, na kutoka Nairobi limerudi jina la baba yako."

Nilisikia baridi kwenye jua lile. Baba alikuwa na miaka sita kaburini, hatua thelathini kutoka tuliposimama.

"Ameshakufa," nilisema.

"Najua. Nilimzika. Nairobi hawajui. Jumatatu barua itakuwa kwa meza ya mkubwa wa kituo, na mimi ndiye nitatumwa kuileta. Siku hiyo nitakuwa na kofia."

"Nikisema niliuza?"

"Mliandikishana?"

"Kwenye karatasi ya daftari."

"Daftari inasema umeuza. Logbuku inasema haujauza. Wewe ungekuwa mkubwa, ungeamini gani?" Alimpiga maksai mmoja kofi dogo la mgongo ili ampishe, na sasa nikamwona uso. "Kama ningekuwa wewe, Jumatatu ingekuta hiyo gari hapa. Ikiwa hapa, wewe ni yatima aliyeuza gari ya baba yake akainunua tena. Ikiwa huko nje inazunguka na sukari, na kitabu chake kiko ndani ya nyumba yako, wewe ndiye tajiri wao."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Ni lazima nieleze kwa nini nililiuza gari na kubaki na kitabu chake, kwa sababu hata mkubwa wa kituo aliniuliza hivyo baadaye, na nilipomjibu alinitazama kama mtu anayedanganywa.

Mtu akifa kwetu, kitambulisho chake hurudishwa ofisini kwa chifu. Cha baba kilirudi, na cha mama kikafuata mwaka uliofuata. Picha hatukuwa nayo hata moja. Karatasi pekee nyumbani mwetu iliyokuwa na jina la baba limepigwa taipu, na sahihi yake chini, ile yenye mkia uliorudi nyuma kama wa mbwa anayeogopa, ilikuwa logbuku. Ndugu zangu wadogo mapacha walijifunza kusoma jina lao la ukoo humo, mmoja akishika upande huu na mwingine ule. Mama wa samaki aliponiuliza kitabu nilimwambia nitamletea. Sikumpelekea. Mara mbili alituma mtu, mara ya tatu akachoka.

Tulikuwa wanne. Mimi wa kwanza, dada yangu wa pili, halafu mapacha wa kiume. Siku ya nne baada ya mazishi ya mama, baba mdogo alituketisha akatugawa. Dada yangu aende kwa shangazi Kendu Bay. Pacha mmoja abaki kwake, mwingine aende kwa mjomba. Mimi nirudi shule nimalize kidato cha pili, halafu tutaona. Mapacha walikuwa na miaka sita. Walikuwa bado wanalala wamepeana migongo kama maharagwe ndani ya ganda. Nikasimama mbele ya watu wazima, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, nikasema sirudi shule na hakuna anayeondoka.

Baba mdogo hakukasirika. Ndiyo maana nilimwogopa. Alisema, "Sawa, mwenye boma. Siku ukishindwa kuwalisha hata juma moja, nitakuja na baiskeli yangu na kamba, nibebe vitu vyao."

Miaka mitano sikushindwa juma hata moja. Sasa askari alikuwa amekuja bila kofia.

Usiku ule nilimwambia dani na dada yangu, maana mapacha walikuwa wamelala. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na sita na aliuliza swali moja tu: kama nina nauli. Dani aliuliza lingine.

"Hilo gari unataka kulirudisha hapa?"

"Ndiyo, dani."

"Lilimtoa baba yako hapa akiwa anapumua, likamleta amefungwa ndani ya sanduku. Likamtoa mama yako, likamleta vilevile. Na sasa unasema kazi yake ni kubeba maiti za watu." Alitafuna midomo. "Gari lililotoa wawili kwa lango hili, likirudi kwa lango hili linakuja kuchukua wa tatu. Nenda. Lakini halipiti langoni."

Sikuwa mtu wa kuamini kila kitu. Lakini nililala nikiwahesabu wadogo zangu kwa pumzi zao, na kila nikihesabu nilianza upya.

Homa Bay nilifika Jumatano jioni, logbuku ndani ya shati. Mama wa samaki nilimkuta palepale sokoni, amenenepa, mbele ya rundo la mbuta wakavu.

"Wewe ni yule wa logbuku," alisema kabla sijamsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie, lete kitabu." Akacheka, wenzake nao wakacheka. Kisha aliona uso wangu akanisogezea debe nikalie. "Hiyo gari ilinitesa kuliko mume wangu. Na mume unaweza kumrudisha kwao. Niliiuzia mtu wa Kendu Bay, anabeba maiti. Nilimwambia ukweli, mzee, gari inanuka samaki. Akasema wateja wake hawajawahi kulalamika."

Alinilaza kwa dada yake, na asubuhi akanionyesha njia ya mochari, ambako mtu huyo hungoja wateja, njia ambayo sikuhitaji kuonyeshwa.

Nilisimama nje ya geti lile karibu saa nzima. Mara zote mbili nilizofika pale nilikuwa kwenye usukani, na mara zote mbili mtu mzima aliingia ndani badala yangu. Safari hii hapakuwa na mtu mzima mwingine. Mhudumu mmoja mwenye gambuti alitoka kuvuta sigara.

"Umekuja kuangalia wako?"

"Natafuta gari. Pijo, ile ndefu nyuma. Rangi ya maziwa."

"Sasa ni ya kijani. Mwenyewe aliipaka kwa brashi kama ukuta. Imetoka leo asubuhi, imepeleka mama mzee Kisegi." Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe ni wa sukari?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno, na alitabasamu, na tabasamu lake lilinifuata njia nzima. Kama mhudumu wa mochari alijua habari za sukari, nani hakujua?

Kisegi nilifika Ijumaa alasiri. Sikuuliza boma ni lipi, vilio viliniongoza. Na gari nililiona kabla sijamwona mtu yeyote. Lilikuwa la kijani kibaya, limeegeshwa kando ya ua, majani yamenyauka kwenye bampa. Nilichungulia kwa dirisha la nyuma. Kwenye sakafu, chini ya mabomba ya kuwekea jeneza, kulikuwa na kiraka cha bati la kopo la mafuta ya kupikia alichopigilia baba, chenye picha ya alizeti. Alizeti ilikuwa imefutika nusu.

Mwenye gari alikuwa ndani ya boma, kwenye kivuli, mfupi, amevaa koti zito katika joto lile. Watu walisema anangoja mazishi ya kesho yaishe ndipo apewe kilichobaki cha malipo yake. Kwetu huwezi kuingia matangani ukamvuta mtu pembeni kuongea naye biashara. Unaingia ukilia. Unaanzia langoni, unakwenda mbio mpaka kwa marehemu, na mtu anayelia hakuna anayemuuliza jina.

Nikaingia nikilia. Mwanzo nilikuwa naisikia sauti yangu kama ya mtu anayeita ng'ombe. Nilipofika kwenye jeneza nikaona wamemfunga mama yule mzee leso ya kichwa kwa fundo la upande, kama mama yetu alivyokuwa akifunga. Sikuwa nimemlilia mama. Siku ile mapacha walikuwa wameshika suruali yangu, mmoja kila upande. Sasa hapakuwa na aliyeshika suruali, na nilichukua muda mrefu kunyamaza.

Mwanamke mmoja alinipangusa uso kwa ncha ya kanga yake. "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Migori."

Akageuka akawaambia wengine kwa furaha, "Watu wa Migori wamefika."

Nilielewa polepole, kwa vipande, nikiwa nimeshapewa kiti na chai. Binti wa marehemu aliolewa Migori, akagombana na nduguze, na boma zima lilikuwa likingoja kuona kama wakwe wangetuma hata mtu mmoja. Nilikuwa mimi huyo mtu. Nilijaribu kusema. Mzee aliyekaa karibu alinipiga gotini: "Kula kwanza. Umetutoa aibu." Nikala. Nilikula nikijua kuna wakati mtu wa kweli wa Migori angeingia langoni akilia, na mimi ningeonekana nilivyo: mgeni aliyekula nyama ya matanga kwa jina lisilo lake. Watu wamepigwa kwa makosa madogo kuliko hayo.

Mtu wa kweli hakuja. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumamosi saa tano, jeneza likiwa kando ya kaburi, msemaji alisimama akasema, "Sasa tusikie watu wa Migori."

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mawili ya pole niketi. Lakini kwenye kivuli mwenye gari alikuwa akinitazama, na kando ya kaburi walikaa wajukuu wadogo wawili, na nikashindwa kumwekea marehemu uongo mlangoni pake.

"Mimi simjui mama huyu," nilisema. "Wala sijatumwa na wakwe. Nimekuja kwa sababu ya gari lililomleta. Ni gari la baba yangu. Lilimbeba baba, likambeba mama, nikaliuza. Sasa linabeba vitu ndani ya jeneza visivyo watu, na polisi wananitafuta mimi, na nina wadogo watatu ambao hawana mwingine. Nililia hapa kama mwizi. Baadaye nililia kweli. Nisameheni."

Kuku mmoja alipita katikati ya watu na hakuna aliyemfukuza. Mzee aliyenipiga gotini jana aliinuka kwa fimbo yake, na nilifikiri inakuja mgongoni kwangu. Alisema tu, "Wa Migori hawakuja. Huyu amekuja. Tumzike mama, halafu mwenye gari asiondoke."

Baada ya mazishi walituweka wawili mbele ya wazee. Mwenye gari alikuwa anatoa jasho ndani ya koti.

"Kijana, umenivua nguo mbele ya watu."

"Sikutaja jina lako, mzee."

"Ulitaja gari. Kuna gari ngapi hapa?" Akawageukia wazee. "Mimi nakodisha. Mtu anakuja analia, anasema ana maiti yake. Nimuulize maiti kitambulisho?"

Wazee wawili walicheka, kisha wakakumbuka mahali walipokuwa. Niliona kwamba yeye pia anaogopa, na hilo halikunituliza hata kidogo. Mtu mwenye hofu anaweza kufanya lolote. Alikataa kuuza. Akakubali. Akataja bei ambayo sikuwa nayo, na nikamwambia ukweli kwamba kila nilichonacho kinatembea kwa miguu minane. Maksai wawili wa plau. Mtu wa kazi yake hakosi mahali pa kuuza ng'ombe. Kila boma analopeleka mteja linatafuta wa kuchinja.

"Twende nikawaone," alisema.

Wale maksai ndio waliotulisha. Nilimpa mkono nikijua mwezi ujao sitakuwa na cha kulimia, na nilimpa.

Tuliondoka Jumapili asubuhi, kwa njia ya Sori. Mimi nilishika usukani. Mkono ulikumbuka kila kitu: choki ivutwe nusu, gia ya tatu isukumwe kwa kiganja, na mlango wa nyuma wa kushoto, ambao hadi leo haufunguki kutoka ndani. Leseni sikuwahi kuwa nayo. Kabla hatujatoka Kisegi mwenye gari alikata matawi mabichi mawili akaanza kuyafunga mbele.

"Hapana, mzee."

"Kuna kizuizi njia ya Osiri. Wanatafuta watu wa dhahabu, wanapekua mpaka soksi. Weka majani, washa taa, utapita kama upepo."

"Hatuna maiti."

"Majani hayajui."

Niliyafungua mwenyewe. Sikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa vitu viwili, na kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine. Niliwaza maneno ya dani. Mtu anayefunga majani ya msiba bila msiba anaita nini? Nina watatu nyumbani. Nikayatupa pembeni, na mwenye gari akaingia akipiga mlango, akikaa kama mtu anayepelekwa kituoni.

Kizuizi kilikuwa palepale alipokisema. Misumari barabarani, askari wawili, mmoja kijana mwenye bunduki, mmoja mkubwa mwenye miwani. Mwenye miwani alilizunguka gari mara mbili. Alilijua. Niliona alivyolijua.

"Leo majani yako wapi?"

"Leo hakuna maiti, afande," nilisema.

"Nani ana hii gari?"

Nilimpa logbuku. Aliivua miwani kusoma.

"Huyu ni wewe?"

"Ni baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa, afande."

Alinitazama, akamtazama mwenye gari aliyekuwa akihesabu vifungo vya koti lake, kisha akakitazama kitabu tena. Kijana mwenye bunduki alikuwa amefungua nyuma na anapiga sakafu kwa kitako cha bunduki, juu ya alizeti ya baba. Mlio ulikuwa wa bati tupu.

"Kwa hivyo lina maiti," mwenye miwani alisema. "Leo mnambeba kwa karatasi." Akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama kinavyopaswa kurudishwa kitu cha mtu. "Enda. Na usipite tena hapa na hii kitu."

Tulikwenda kama kilomita mbili ndipo mwenye gari aliponiambia, "Simamisha." Alishuka, akatapika kando ya barabara, akarudi ndani. Hatukusimama tena mpaka Migori.

Nililisimamisha nje, kwenye ua wa minyaa, mbali na lango. Mapacha walitoka mbio kisha wakasimama ghafla, hawakumbuki kama walilijua. Maksai waliondoka jioni ile wakivutwa na mtu wa soko, mwenye gari akiwafuata na koti lake. Yule wa kushoto aligeuka mara moja. Sikumtazama.

Dani alitoka na fimbo yake. Alilizunguka gari kama yule wa miwani. Aligusa boneti.

"Mtu aliyefia nje haletwi kwa lango," alisema. "Unalijua hilo."

"Nalijua, dani."

"Basi."

Nilielewa. Nilichukua panga, na dada yangu akachukua lingine, tukaanza kukata ua upande wa nyuma ya jikoni. Mapacha walivuta matawi huku wamefumba macho, maana maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni mtu hulala siku tatu gizani. Giza lilipoanza kuingia tulikuwa na pengo la upana wa gari. Nililipitisha polepole. Dani alisimama mbele yake akirudi nyuma hatua kwa hatua, akinena na baba kwa Kijaluo, akimwambia nani anaingia na kwa nini.

Jumatatu saa tatu askari alikuja. Alikuwa na kofia, na polisi mmoja kijana kutoka kituoni, ambaye hakuwa mtu wa kwetu.

"Gari ni hilo," askari alimwambia, kama mtu ambaye hajawahi kuniona maishani.

Polisi alikagua namba, kisha akaenda langoni, akainama, akarudi. "Hakuna alama za magurudumu pale. Gari liliingiaje? Au halijawahi kutoka?"

Nilikuwa nimefikiria kila swali isipokuwa hilo.

"Liliingia kama anavyoingia aliyefia nje," dani alisema kutoka kigodani, akinyoosha fimbo kuelekea pengo.

Polisi alishika kalamu juu ya karatasi, hajui aandike nini. Askari alisafisha koo. "Andika tu, lilipitia kwa ua."

Aliandika. Kisha akasema twende kituoni, mimi na gari. Nilikwenda kuchukua shati. Niliporudi dada yangu na mapacha walikuwa wameketi nyuma, wamenyooka, miguu juu ya alizeti.

"Shukeni," polisi alisema.

"Huu mlango haufunguki kutoka ndani," pacha mmoja alimjibu, na ilikuwa kweli.

Dada yangu alisema, "Kama mnamchukua, andikeni wanne."

Tulikwenda wanne, na askari mbele kando yangu, kofia magotini, polisi akibanana na wadogo zangu nyuma. Mkubwa wa kituo alisoma logbuku, akasoma karatasi ya daftari, akauliza lile swali la kwa nini, nikamjibu kuhusu jina la baba na mapacha. Hakuniamini. Akamwita pacha mmoja, akafunika herufi kwa kidole, akamwambia asome. Alisoma kabla kidole hakijaondoka. Mkubwa alikifunga kitabu. Akasema nitaripoti kwake kila Jumatatu mpaka aseme basi, na gari lisiguse barabara ya mpakani. Nilitia sahihi. Nimeripoti Jumatatu nyingi baada ya hiyo, na hakuna hata moja niliyolala usingizi usiku wake.

Alasiri, tukirudi, nilimwona baba mdogo kutoka mbali. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba nimechukuliwa. Alikuwa amesimama katikati ya lango letu, baiskeli ubavuni, kamba imezungushwa kwenye keria.

Nilipunguza mwendo nielekee pengo la ua. Lakini dani alikuwa amesimama ndani ya lango, nyuma yake, akatikisa fimbo akinikatalia. Aliwatazama watu waliokuwa ndani ya gari, mmoja mmoja, mpaka wanne, wote wakipumua.

"Toka langoni," alimwambia mwanawe. "Watoto wanaingia."

Baba mdogo aliisogeza baiskeli. Niliweka gia ya kwanza. Niliachia klachi ghafla, gari likaruka kama mbuzi, na mapacha wakagonga vichwa nyuma yangu, na tukapita.